Bili ya mkojo wa paka

Jamani mlioko Wete, Chake na Unguja, kaeni vizuri kabla sijakutajieni bili hino. Pauni mia tisa na ushei. Za paka. Tena hakuvunjika mguu wala hakugongwa na gari, kashindwa kukojoa tu. Hesabu ya shilingi fanyeni wenyewe, mie sitaki kuiona tena.

Na kinachoniuma ni kwamba mie mwenyewe mwaka jana nimelazwa hapahapa Coventry, Uingereza, nimekatwa, nimeshonwa, nimepewa chai na mkate asubuhi, nikatoka sikuulizwa hata senti, maana hospitali za serikali, NHS wanaziita, ndo mpango wao tangu 1948. Mnyama ndo hana serikali. Ukifika usiku kwa daktari wa wanyama, mashine ya kadi inatangulia, paka baadae. Na yule binti wa kaunta ananiuliza mbele ya watu "una uhakika utaweza kulipa?" Mzungu aliyekuwa mbele yangu na mbwa wake hajaulizwa hivyo, nilikuwa nasikia. Nikanyamaza kwa sababu shida ni yangu na paka analia ndani ya kikapu.

Paka dume njia yake ya mkojo nyembamba mno. Kukiwa na chenga za madini kwenye kibofu zinachanganyika na ute, zinaziba. Utamuona anaingia kwenye trei la mchanga, anachuchumaa, anajikaza, hakitoki kitu, anatoka anajilamba, anarudi palepale. Ukitazama haraka utasema kafunga choo. Shombo (ndo jina lake, chekeni tu) alitoa tone moja la rangi ya waridi kwenye kigae cha jikoni basi. Ukiona hivyo usingoje asubuhi wallahi, mkojo ukikwama potasiamu inapanda kwenye damu na moyo unaweza kusimama, siku moja mbili tu anakwenda. Wakamlaza usingizi, wakampitisha mpira wa mkojo, dripu, akalala kwao.

Mkadhani imeisha. Siku ya kumchukua nikapewa na mfuko wa chakula chake maalumu, kilo moja na nusu, kwa bei hiyo pale sokoni Malindi, Unguja, unanunua jodari nyumba nzima ikala mpaka ikasaza.

Mama kupiga simu nikamweleza. Kha! "Wee mtoto una wazimu? Chakula cha hospitali, paka? Mpe dagaa huyo. Hawa wa hapa diko wanakula vichwa vya samaki na matumbo na wote wazima." Nikamwambia mama, hao wa diko nani kawapima mkojo? Paka shume akifa nyuma ya banda atajuwa nani kafa kwa nini, kesho yupo mwengine kakaa pahala pake. Akacheka akasema haya, msomi.

Lakini nikae nifikiri, mama ana haki nusu. Dagaa hapana, dagaa letu linachemshwa kwa maji ya chumvi halafu linaanikwa, mifupa na vyote, madini matupu, kwa paka mwenye chenga huko ni kumrudisha kwenye mpira. Ila yale matumbo ya samaki mabichi yana maji! Paka asili yake jangwani, kiu yake ndogo, maji yake aliyazoea kuyapata ndani ya nyama anayoila. Hivi vibiskuti vikavu vina maji kama asilimia 10 tu, cha kopo au cha kifuko (pauchi) kinafika 75 mpaka 80. Sasa mnyama asiyependa kunywa unamlisha vikavu mwaka mzima, mkojo unakuwa mzito, madini yanaganda. Na kile nilichouziwa kaunta ni kikavu! Kumbe chakula kilekile maalumu kipo cha pauchi, mpaka nimeuliza mie. Nikarudisha mfuko, uso mkavu.

Halafu msije mkanunua kwa kusikia fulani kanunua, chenga ziko aina aina. Za Shombo ni struviti, za magnesiamu na fosfeti na amonia, hizo zinapenda mkojo usio na asidi. Chakula chake kina magnesiamu na fosforasi ya kipimo na kinashusha pH ya mkojo (kipimo cha asidi, ikishuka ndo asidi imezidi) kwenye 6 hadi 6.5 hivi, chenga zinayeyuka zenyewe kwa wiki kadhaa. Zile za kalsiamu oksaleti hazijui chakula, kijiwe chake hakiyeyuki, kinatolewa, na ukizidisha asidi ndo unazikaribisha. Kwa hiyo vile vidonge vya asidi vinavyouzwa mtandaoni kuongezea juu ya chakula cha daktari, wacheni. Na mkojo wa kupima upimwe ule mbichi, ukikaa kwenye friji chenga zinaweza kujifanya humohumo kwenye kichupa ukatibu kitu hakipo.

Kumbadilishia chakula ndo kazi. Alinusa akafukia hewa kwa mkono kama anafukia mavi. Mama ananambia njaa ikimshika atakula. Kwa mtoto sawa, kwa paka hatari, hasa mnene kama huyu, akikaa siku kadhaa hajala ini linajaa mafuta na hiyo ni bili nyengine. Nikamchanganyia kidogokidogo na cha zamani kama wiki na zaidi, pauchi natia vijiko vya maji ya vuguvugu inakuwa mchuzi, jiko zima linanuka. Mabakuli ya maji nimetawanya mpaka ukumbini. Sasa donge la mkojo kwenye mchanga limekuwa kubwa, mashallah, na nalifurahia, ndo nilipofika.

Nyinyi mnaoniandikia inbox "dada nifanyie mpango nije", njooni, lakini usione picha ya paka kwenye sofa ukadhani ni bure. Kwanza mwenye nyumba akubali. Bima ukate angali mzima, mie nilikwenda kukata baadae wakanambia ugonjwa wa mkojo hawaulipi tena, ulishakuwepo. Tangu Juni 2024 hapa England paka lazima atiwe chipu ya utambulisho, usipotia faini inafika pauni 500. Na ukiwa kwenye msaada wa serikali waulize PDSA, shirika la hisani la kutibu wanyama, mapema, wanatibu bure au kwa bei ndogo kwa wanaostahiki, usisubiri usiku wa kuziba ndo uanze kutafuta namba.

Kipimo chengine mwezi ujao. Chenga zikiwa zimekwisha daktari atasema kama tunaendelea na hiki au tunashuka kwenye pauchi za kawaida, mie naomba tushuke. Mama hakusikia, dagaa kalipakia na mtu anakuja wiki ijayo, kilo mbili, kaandika juu "la paka". Ntalila mie na muhogo wa nazi, mlango nimefunga.