Tulivyoirudisha emuleta ya 3DS hapa Kisumu

"Mwalimu, hii kitu haishuki. Inasema haipo."

Ilikuwa Jumamosi, tarehe 9 Machi 2024, na msichana wa gredi ya 8 alikuwa amenigeuzia leptopu nijionee. Alikuwa akijaribu kupakua Citra, emuleta ya Nintendo 3DS, yaani programu inayoifanya kompyuta iige ile mashine ndogo ya michezo yenye skrini mbili. Siku 5 kabla ya hapo, waliokuwa wakiitengeneza walikuwa wameifunga. Habari nilikuwa nimezisikia. Sikuwazia kwamba zingetufikia Nyalenda, kwenye chumba chetu cha mabati chenye leptopu 5 kuukuu.

Watoto hawa 9 hawaji kwangu kucheza michezo ya watu. Wanaandika yao. 3DS ni mashine nzuri ya kujifunzia kwa sababu ni ndogo kiasi cha mtu kuielewa: kumbukumbu ya megabaiti 128, skrini ya juu ya kutazama, ya chini ya kugusa, na zana huria kama devkitARM na libctru ambazo hulipii chochote. Msichana huyo alikuwa anatengeneza mchezo wa tuktuk inayokwepa mashimo kutoka Kondele hadi Kibuye, ramani ikiwa kwenye skrini ya chini. 3DS yenyewe tunayo moja tu, ya mitumba, na bawaba yake imevunjika. Nintendo iliacha kuzitengeneza mwaka 2020. Bila emuleta, mtoto mmoja anajaribu mchezo wake na 8 wanamtazama.

Kilichoniuma ni kwamba kesi haikuwa hata ya Citra. Tarehe 26 Februari Nintendo iliishtaki Tropic Haze, kampuni iliyosimamia Yuzu, emuleta ya Switch, mashine nyingine ya michezo ya Nintendo, katika mahakama ya Rhode Island huko Marekani. Tarehe 4 Machi pande mbili zikakubaliana: dola milioni 2.4, na Yuzu ifungwe. Yuzu ilianzishwa na watu waliotoka Citra, basi zote mbili zikazimwa siku moja.

Kabla ya kugusa chochote nilikwenda kwa jirani yangu ambaye ni wakili. Nilikuwa na hofu, na sioni aibu kuisema. Mtu anayefundisha watoto wa wenzake hachezi na sheria. Tulikaa kwake jioni mbili. Nilichoelewa ni hiki. Kuiga mashine peke yake si kosa. Mwaka 2000 mahakama ya rufaa ya Marekani, katika kesi ya Sony dhidi ya Connectix, ilikubali kwamba kuichambua programu ya ndani ya PlayStation ili kutengeneza emuleta ni matumizi halali. Shida ya Yuzu ilikuwa funguo. Michezo ya Switch hufungwa kwa usimbaji, na dai la Nintendo lilikuwa kwamba Yuzu ni chombo cha kuvunja kufuli hilo. Hata Sheria yetu ya Hakimiliki ya 2001 inakataza kuvunja kufuli za namna hiyo.

"Sasa kaka," wakili akaniuliza, "hao watoto wako wanahitaji funguo?"

Hawahitaji. Mchezo ulioandika mwenyewe unatoka kama faili la 3dsx, halijafungwa na chochote. Hapo ndipo nilipopumua.

Tena Citra ilitolewa kwa leseni ya GPL, ambayo ni leseni ya programu huria. Aliyepewa nakala kwa leseni hiyo hapokonywi kwa sababu mwenye kutoa ameondoka. Ana haki ya kuibadilisha na kuigawa, mradi aache majina ya waliotangulia, aonyeshe alichobadilisha na lini, na atoe msimbo, yaani maandishi ambayo programu imeandikwa kwayo, kwa kila anayempa programu.

Haki nilikuwa nayo. Msimbo ndio ulikuwa tatizo. Nilikuwa na nakala kwenye flashi, ya Oktoba 2023, nikajua nimemaliza. Nikaifungua: folda ya maktaba za nje, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, ilikuwa tupu. Mradi kama Citra haubebi kila kitu. Unashikilia orodha ya miradi mingine na, kwa kila mmoja, namba ndefu ya herufi 40 inayotaja toleo kamili linalohitajika. Wakati ule nilinakili ghala kuu bila kuagiza na hizo zilizotajwa. Ukitaka kuhifadhi programu, nakili vyote, halafu uzime intaneti ujaribu kuijenga, yaani kuugeuza msimbo kuwa programu inayofanya kazi. Usipofanya hivyo huna nakala, una orodha ya mahitaji.

Maktaba nyingi bado zilikuwa kwa wenyewe, nikazivuta moja moja usiku, bando linapokuwa nafuu. Zilizokuwa chini ya jina la Citra zilikuwa zimekwenda nayo. Maktaba ya Boost, kwa mfano, waliihifadhi kwao ikiwa imepunguzwa. Nikachukua Boost nzima kutoka kwa watengenezaji wake, nikarekebisha njia za mafaili. Maktaba nyingine niliipata kwa rafiki wa Nakuru aliyekuwa na nakala yake kwenye diski. Nilimwamini, lakini sikulazimika kumwamini: ile namba ya herufi 40 hukokotolewa kutokana na yaliyomo, kwa hiyo ikilingana, msimbo ni ule ule. Wiki zile mtandao ulikuwa umejaa watu wanaogawa "Citra" ambayo hakuna ajuaye wametia nini ndani.

Kuijenga kulinichosha kuliko yote. Leptopu yangu ina gigabaiti 4 za kumbukumbu. Nikiipa kazi nne kwa pamoja, inajaa na kukata. Nikaipa moja moja, nikaongeza nafasi ya ziada kwenye diski, nikalala. Usiku wa kwanza stima ilipotea. Usiku wa pili GCC 13, toleo jipya la programu inayofanya kazi hiyo ya kujenga, iligoma kwa sababu mafaili kadhaa yalitumia aina za namba bila kutaja cstdint, faili linalozieleza aina hizo. Matoleo ya zamani yalikuwa yakilisamehe hilo. Ni mstari mmoja kwa kila faili, lakini ugunduzi wa kila mmoja ulinigharimu saa nzima.

Kisha nikatoa sehemu inayosoma faili la funguo. Vitu vingine vilikuwa vikiitegemea, vikagoma, nikavifuata kimoja kimoja mpaka vikakubali. Nikaondoa jina la Citra na nembo yake. Watoto wakaiita Omena, yaani dagaa, kwa kuwa ni ndogo na inashibisha.

Kijana mmoja alikuja na flashi iliyojaa michezo aliyopewa mjini. Nilimketisha nje, tukazungumza polepole. Sikumfukuza. Nilimweleza kwamba siku tutakapoichezesha michezo ile hapa, hata mchezo wake mwenyewe utaonekana wa wizi.

Jumamosi ya tatu ya Aprili, tuktuk ilitembea tena, kwenye leptopu 3 kati ya 5. Mbili zina vichakataji vya biti 32, na sehemu ya Citra inayotafsiri maagizo ya ARM, yaani lugha ya kichakataji cha 3DS, haikuandikwa kwa ajili yao.

Baadaye nikajua hatukuwa peke yetu. Lime3DS na mradi wa mtengenezaji aitwaye PabloMK7 zilikuwa zikiendeleza msimbo huo huo, na mwaka 2025 zikatoa emuleta moja, Azahar. Nayo haifungui michezo iliyofungwa kwa usimbaji. Niliposoma hilo nilimpigia wakili simu saa nne usiku. Sasa darasa linatumia Azahar, maana ina watu wengi wa kuiangalia. Omena iko kwenye diski mbili, moja kwangu na moja Nakuru, pamoja na maktaba zake zote. Kila baada ya miezi mitatu nazima intaneti na kuijenga upya tangu mwanzo.