Baridi ya Julai na hita za ofisini

Leo jua halijaonekana kabisa Nairobi. Wingu zito limekaa chini tangu alfajiri, na mji huu uko zaidi ya mita 1,600 juu ya usawa wa bahari. Jua likifichwa, baridi haina huruma.

Picha inayochekesha watu WhatsApp leo ni ya karani aliyejifunika shuka la Kimasai mpaka masikioni, vidole viwili tu nje, anachapa kazi.

Nimecheka, kisha nikaona chini ya meza: hita na birika la umeme kwenye ekstensheni moja.

Jamani, hapo pana hatari.

Hita ya wati 2,000 na birika la wati 2,200 jumla ni 4,200. Kwa volti 240, hizo ni ampea 17.5. Ekstensheni ya kawaida mwisho wake ni 13.

Wengi hudhani fyuzi itakatika papo hapo. Wapi! Mzigo ukizidi kiasi hicho, fyuzi huweza kuvumilia muda mrefu huku plagi ikiiva. Waya ukiwa umeviringishwa ndiyo mbaya zaidi, maana joto halina pa kutokea. Angalia plastiki iliyogeuka kahawia kando ya pini. Ukisikia harufu kama ya samaki na hakuna aliyebeba samaki, zima ukutani.

Hita ichomekwe kwenye soketi ya ukutani, peke yake. Chai ichemshiwe jikoni.

Ofisini kwenu mnaota moto vipi? Tumeni picha, na chini ya meza paonekane.