Siku moja na watu wa ndege: kutoka Uyole hadi njia ya Kitulo

Saa 10:40 alfajiri. Alamu inalia chini ya mto. Uyole mwezi wa saba hauna mzaha, ukitoa mkono nje ya blanketi unajuta. Nabandika maji ya chai na kubaki nimesimama pale pale jikoni, sababu ni moto, si chai.

Watu wakisikia niko kwenye utafiti wa ndege wanadhani nashinda porini na darubini. Sichunguzi ndege mimi. Nachunguza wanaowachunguza: nani anaingia kwenye vyama vya kisayansi vya ndege, nani anadumu humo, nani anaishia mlangoni. Nimemweleza mama yangu mara tatu. Bado anawaambia majirani nasomea kuku.

Saa 12:30. Nimepata siti ya dirishani kwenye Hiace ya Tukuyu. Nitashuka Isyonje, pale barabara ya kwenda Hifadhi ya Taifa ya Kitulo inapochepuka, halafu bodaboda. Njiani napitia miaka niliyoiandika kwenye simu. Chama cha wataalamu wa ndege cha Uingereza kilianzishwa 1858, wanawake wa kwanza wakapokelewa 1909. Cha Marekani kilianza 1883. Florence Merriam, ambaye baadaye aliitwa Bailey, alikubaliwa 1885 kama mwanachama mshiriki, yaani ngazi ya chini. Ngazi ya juu alikuja kupewa 1929, miaka 44 baadaye, akiwa ameshaandika vitabu vya ndege ambavyo hao wanaume walikuwa navyo rafuni. Namsimulia jirani yangu, mama mwenye ndoo ya parachichi. Anasema kwenye kamati ya maji kijijini kwao ni hivyo hivyo, kisha analala.

Saa 2:50. Bodaboda imenifikisha. Shati nje, masweta mawili ndani, na bado natetemeka. Mzee ninayekuja kumhoji yuko uani anachambua mbegu za viazi. Kwa miaka mingi amewapeleka watafiti wa kila aina kwenye nyasi za Kitulo na msitu wa pembeni: kubeba mahema, kufunga nyavu, kuonyesha kiota kilipo.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Karibu moto kwanza, maswali hayaozi."

Ana darubini. Jicho la kushoto limekufa, lenzi imepasuka kama kioo cha basi, na bawaba ya katikati imefungwa kwa mpira wa tairi ya baiskeli. Anaitumia kwa jicho moja, huku akifumba lile lingine na kukunja uso mzima. Chini ya kiti kuna kaunta buku tatu: tarehe, mvua, ndege, wangapi, wanaelekea wapi. Ndege wengine kawaandika kwa Kiswahili, wengine kwa lugha ya nyumbani, wengine kwa Kiingereza alichokisikia kwa wageni, na tahajia ni ya kwake. Mbayuwayu wa buluu ana ukurasa wake, mwaka hadi mwaka, siku anayofika kuja kuzaa na siku anayoondoka. Mbayuwayu huyo yuko hatarini kutoweka, na takwimu za namna hii kuna watu wanazitafuta kwa hela nyingi.

Natoa dodoso. Jinsia, umri, elimu, tunakwenda vizuri. Swali la nne: "Je, wewe ni mwanachama wa chama chochote?"

Ananitazama. Anaweka kiazi chini. "Mwanangu, mambo ya siasa tuyaache."

Nacheka, naomba radhi, naeleza kwamba namaanisha chama cha kisayansi, cha ndege. Anafikiri. "Niko VICOBA. Na kwaya ya kanisa, sauti ya nne. Cha ndege hawajawahi kuniambia kama kipo."

Naweka alama kwenye "Hapana". Kisanduku hicho kitamweka fungu moja na mtu ambaye hajawahi kuinua macho kutazama ndege. Nikifika kwenye neno "anuwai" anauliza kama ni ile bayoanuwai ya kwenye vibao vya hifadhi. Nasema hapana, ni ya watu. "Ahaa," anasema, "basi wametumia vibaya neno la wanyama."

Tukiwa hapo, kutoka msituni inatoka sauti kama filimbi, na papo hapo sauti nyingine ya kukwaruza inaijibu, ukiwa mzembe utadhani ni ndege mmoja. Mke wa mzee, ambaye muda wote alikuwa anaingia na kutoka na kuni, anasema bila kugeuka: "Hao ni wawili. Wanaitikiana, dume na jike. Jike akichelewa kujibu, ujue yuko kwenye mayai."

Hapo nilisahau baridi. Kwa miaka mingi wanasayansi wa Ulaya na Marekani waliandika kana kwamba kuimba ni kazi ya dume. Mwaka 2014 ndipo ulipotoka uchambuzi mkubwa ulioonyesha kwamba majike huimba katika asilimia 71 ya spishi zilizochunguzwa. Na ukifuatilia nani waliolisukuma swali hilo, unakuta wengi ni wanawake. Kwangu hii ndiyo hoja yenye uzito kuliko zote za huruma na haki: aliyeachwa nje huenda ndiye aliyesikia.

Ndege hao wa kuitikiana, kwa Kiingereza, wana jina la Fülleborn, daktari wa jeshi la Wajerumani aliyekusanya ndege huku kusini mwishoni mwa karne ya 19. Mwezi wa Novemba 2023 chama cha Marekani kilitangaza kwamba kitabadilisha majina yote ya Kiingereza ya ndege wa upande wao yaliyotokana na watu. Hawa wetu hawamo. Nilimuuliza mzee angewaita nani. Akasema tayari wana jina, ila hakuna aliyeuliza.

Saa 7:30 mchana. Uyole. Wali maharage, parachichi nusu. Usingizi unanyemelea, naupuuza.

Saa 9 alasiri. Kazi ya mezani, na ndiyo inayochosha kuliko zote. Nina orodha za waandishi wa makala za ndege, na programu inayokisia kama jina ni la mwanamke au mwanamume. Kwa John na Mary haina shida. Ikifika kwa Tumaini inababaika, kwa Furaha inababaika, na kwa Ambakisye inaandika "haijulikani". Majina yasiyojulikana huondolewa kwenye hesabu. Kwa hiyo tunapima ujumuishi kwa kwanza kututoa sisi! Nayarudishia kwa mkono, moja moja.

Katikati ya kazi hiyo namkumbuka Jali Makawa, aliyekuwa akimkusanyia ndege Con Benson, mtaalamu wa ndege Mwingereza, huko Malawi na Zambia. Mwaka 1964 walipata Zambia ndege mdogo mmoja tu, hajaonekana wa pili tangu hapo, wakampa jina la kisayansi makawai. Siku hizi vinasaba vimetia shaka kama kweli ni spishi ya peke yake. Mtu kafanya kazi maisha yake yote, kapewa ndege, na ndege mwenyewe ana kesi.

Saa 11:30 jioni. Mkutano wa video na wenzangu walio nje. Mtandao unakata, nahamia karibu na dirisha. Nawaambia swali la nne lifutwe, badala yake tuulize: umewahi kufanya kazi kwenye utafiti wa ndege, ulifanya nini, jina lako liliandikwa wapi? Wanaelewa, lakini dodoso lilishapita kamati ya maadili, ukibadilisha swali unaanza upya foleni. Mmoja anakumbusha kwamba vyama vingi vimepunguza ada kwa nchi maskini. Ni kweli, na ni vizuri. Ila punguzo hilo analipata mwenye kadi ya benki na Kiingereza cha kujazia fomu. Tukakubaliana swali liingie mwishoni, kwenye "maoni mengineyo". Sikuridhika. Nilikubali kwa sababu ilikuwa saa moja kasoro na umeme ulikuwa unapepesa.

Saa 3 usiku. Nanukuu rekodi ya asubuhi. Sauti ya mzee, viazi vinadondoka kwenye ndoo, filimbi msituni, halafu sauti ya mkewe: hao ni wawili. Naandika maneno yake. Pembeni napaswa kuandika nani kasema, na nimeshaandika "mke wa mhojiwa" kabla sijajishtukia. Siku nzima nilimwita mama.

Napiga simu. Mzee anapokea kwa sauti ya usingizi.

"Samahani mzee wangu. Nilitaka jina la mama."

"Mama Furaha."

"La kwake mwenyewe, mzee."

Kimya kidogo, kisha nasikia anamsogezea simu. "Anauliza jina lako," anamwambia. "Lakini lile la ubatizo au la nyumbani?" mama anauliza kwa mbali.

"Yote mawili," nikasema, na nikavuta kalamu.