Tone la manjano lisikudanganye

Jioni hii mawazo yangu yako kwa ndege wawili wa Amerika Kaskazini wanaowachanganya hata watazamaji wazoefu: bata maji tarumbeta (trumpeter swan) na bata maji wa tundra (tundra swan), yaani wa nyanda baridi za kaskazini zisizo na miti. Wote weupe pe, wote midomo yao myeusi ti. Anayeanza huambiwa atafute tone la manjano mbele ya jicho. Akiliona, huyo ni wa tundra. Sawa, lakini asipoliona asikimbilie kuandika "tarumbeta". Wapo wa tundra wasio nalo kabisa, na wengine wanalo dogo kama punje ya mtama.

Mimi huamini uso. Ngoja ndege akugeukie, kisha elekeza darubini pale manyoya meupe ya paji yanapokutana na mdomo. Kwa tarumbeta mpaka huo umechongoka kama herufi V. Kwa mwenzake umeviringana kama U. Akigeuka ubavu, tazama jicho. La tarumbeta limezama katika weusi mpana wa mdomo, hata hujui linaanzia wapi. La yule wa tundra limejitenga, limeunganishwa na mdomo kwa ncha nyembamba tu. Kichwa kikiwa kimeinama au kimepakaa tope, heri kungoja kuliko kukisia.

Ukubwa? Dume la tarumbeta huweza kufika kilo 12, wa tundra mara nyingi 6 au 7. Lakini akiwa peke yake ziwani, utamlinganisha na nani?

Sauti ndiyo naipenda kuliko vyote. Koo la hewa la ndege hawa wote wawili huingia ndani ya mfupa wa kidari na kujikunja humo, ila la tarumbeta lina kitanzi kimoja zaidi. Ndiyo maana mlio wake ni mzito, kama honi ya gari kuukuu, na wa mwenzake ni mwembamba.

Haya si mambo ya kujifurahisha tu. Katika miaka ya 1930 tarumbeta waliojulikana Marekani, ukiacha Alaska, hawakufika hata 100. Leo wameongezeka, lakini majimbo kama Utah na Montana huruhusu kuwinda wa tundra kwa kibali, na mwindaji anayekosea humwangusha tarumbeta. Msimu wenyewe huanza vuli, makinda wa aina zote mbili wakiwa bado wa kijivu, na wale wa tundra tone lao halijajitokeza vizuri.