Mafuta ya majani ya paini, masika na kiangazi: hatimaye namba zimetulia

Imekubali jamani! Kwa mnaofuatilia huu mradi wangu wa kukamua kwa mvuke mafuta ya majani ya paini (patula) huku Mufindi, shida ilikuwa ile ile: majani ya Septemba (kiangazi huku) yanatoa mafuta mengi kuliko ya Februari (masika), sasa ni mafuta yameongezeka kweli au ni maji tu yamepungua kwenye jani? Maana ukipima kwa uzito wa jani bichi, la kiangazi litashinda tu kwa sababu halina maji mengi. Na ukisema uyakaushe kwanza ndo ukamue, alfa-pinini, sehemu nyepesi ya haya mafuta, inapaa, chumba kizima kinanukia ila kwenye chupa huna kitu. Hili limenichosha mno, nikatamani kuacha kabisa.

Kilichosaidia ni kugawa kila mzigo mara mbili palepale shambani. Nusu inaingia kwenye presha kuka ikiwa mbichi, nusu inaenda oveni moto mdogo mpaka uzito ugome kushuka, hapo najua ukavu ni asilimia ngapi na mafuta nayahesabu kwa gramu ya jani kavu. Nachuma asubuhi tu, miti ile ile, na majani machanga siyagusi, yana kemia yake. Tofauti imepungua sana lakini haijaisha, kiangazi bado kinaongoza! Na inaingia akilini, mti ukianza kukosa maji ukuaji unasimama kabla ya usanisinuru, kwa hiyo kaboni ambayo ingejenga majani mapya inaelekezwa kwenye terpini (ndizo zinazounda haya mafuta) na fenoli (kemikali za kinga za mmea). Ukame ukizidi sana hata usanisinuru unakata, na joto likipanda terpini nyingi zinavukia hewani, kwa hiyo msitegemee kila kiangazi kitoe namba kubwa.

Kuhusu vifaa, achaneni na mpira wa silikoni, unakunywa mafuta halafu unaachia harufu kwenye mzigo unaofuata. Bomba la kopa, au glasi kama mfuko unaruhusu. Na angalieni sana maji ya kupoza, ya Julai huku kwetu ni ya baridi kali na ya Januari sio, mvuke usipopoa vizuri mafuta yanapotea, kwa hiyo masika naweka barafu kwenye ndoo, bila hivyo unapima koili yako ya kupoza wala sio mti.

Nilipanga sasa nihamie kwenye misaiprasi ila nimeiweka pembeni kwanza. Yale maji yanayobaki chini baada ya kukamua yana rangi kama chai ya rangi, nikadondoshea siki niliyolowekea misumari yenye kutu, yakageuka kijani cheusi hapohapo! Tanini hizo, nazo ni jamii ya fenoli. Sasa nataka kulinganisha majani ya juani na ya kivulini ya mti mmoja, maana fenoli zinalikinga jani na mionzi ya UV, na kwa mwinuko wetu huu jua ni kali hata kukiwa na baridi. Misaiprasi itasubiri.