Kwani ya huku yana nini?

Mpaka leo asubuhi, nikisugua sufuria, bado namjibu mama mkwe swali lake kuhusu yale maji moto niliyooga Kenya. Kichwani tu. Nishamjibu kwa upole, nishamjibu kwa hasira, jana usiku nikamjibu kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, na yeye muda wote huo yuko kwake Mikindani kalala, hana habari.

Ilikuwa Jumapili. Tulikwenda kumsalimu na kumpelekea doti yake ya harusi. (Harusi ya Zuhura ilikwenda salama, Nakuru ilicheza mpaka alfajiri, shemeji mpya ni mpole.) Yeye anachagua mchele barazani, mimi nimekaa mkekani pembeni yake na simu. Picha za harusi akazipitia harakaharaka. Akaganda kwenye ile ya Olkaria, kule Naivasha wanakotoa umeme wa mvuke, nimo kwenye bwawa la maji moto.

"Huu moshi wa nini?"

"Mvuke, mama. Unatoka chini ya ardhi."

"Na huyu majini ni wewe?"

"Ni mimi."

"Na nguo?"

"Nimevaa, mama. Ile ya kuogelea ya mikono mirefu, na kilemba."

Kimya. Akaokota chuya, akawarushia kuku.

"Ulilipa?"

"Nililipa."

"Kwani maji ya huku yana nini?"

Nikasema, "Ya huku hayachemki, mama." Akacheka puani, akasema, "Haya," akarudi kwenye ungo wake.

Basi, hiyo tu. Baba Nasra anasema mama kauliza, kajibiwa, kaelewa, mimi natafuta nini tena? Lakini yeye hakukisikia kile kicheko. Alikuwa uani anatafuta ndara.

Jibu la Jumatatu lilikuwa la kisomi. Mama, kule kwenye Bonde la Ufa ardhi imepasuka, joto la chini liko karibu. Wanachimba visima vya zaidi ya kilomita moja, vingine vinafika tatu, wanatoa mvuke wa kuzungusha mitambo ya umeme. Olkaria walianza 1981 kwa megawati 15. Mwaka uliofuata, 1982, gesi ikagunduliwa hapa kwetu Mnazi Bay. Kila mtu kapewa chake cha chini ya ardhi, wao mvuke, sisi gesi, ila gesi huwezi kuingia ukaoga. (Hapa nilicheka peke yangu ofisini, mhasibu akanitazama.) Sasa mvuke ule hauji peke yake, unapanda na maji yaliyobeba madini ya miambani. Yakishatenganishwa bado yanaunguza, kwa hiyo yanapitishwa bwawa hadi bwawa yapoe, ndipo watu waingie. Ile buluu yenye maziwamaziwa hawakutia dawa, ni silika, madini kama ya mchanga, hiyohiyo inayoacha ukoko mweupe kingoni. Hata Blue Lagoon ya Iceland, ile ya kwenye matangazo ya ndege, ni maji yaliyotoka kituo cha umeme cha Svartsengi. Umeme ulitangulia, waogaji wakafuata.

Zuri, eh? Nani angemwambia mama mkwe mambo ya silika naye ana mchele mkononi?

Jibu la Jumanne lilikuwa la mwili. Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na mimi mtu wa Mtwara, kipupwe chetu hiki ndiyo baridi ninayoijua. Nilifika pale na sweta mbili chini ya baibui, meno yanagongana. Halafu nikaingia majini. Vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto, mpaka shingoni, na upepo wa baridi unapita juu ya kichwa. Mgongo wangu ule mnaoujua, ulionilaza mwaka juzi, ulinyamaza. Harufu ni ya yai viza, siwadanganyi. Mwenyeji wangu alikuwa anaziba pua. Mimi niliipata nyuma ya uvundo huo harufu nyingine, ya shambani kwa baba mwezi wa saba wakati wa kupulizia mikorosho dawa ya salfa, nikawa navuta pumzi kama mwehu. Niliambiwa nisikae sana, nitoke nikanywe maji, na mwenye presha aangalie. Nilitoka nikarudi, nikatoka nikarudi.

Jumatano nikawa mkali. Mbona Baba Nasra alipokwenda Dar kuangalia mpira hakuulizwa uwanja wetu wa Nangwanda hapa Mtwara una nini?

Ila kinachonikera zaidi ni kwamba swali lina haki yake. Mbona nchini kwetu yapo? Mbeya kuna maji moto ya Songwe. Rufiji kuna Utete na Luhoi, na mabasi ya Mtwara yanapita Ikwiriri kila siku ya Mungu, mimi nimo dirishani natafuna korosho, hata siku moja sijauliza huko ndani kuna nini. Nimekwenda kuvuka mpaka wa Namanga. Labda kile kicheko kilikuwa kinasema hivyo. Labda hakikusema kitu, kilikuwa mafua.

Alhamisi wifi Mwanaidi alipiga simu ya mambo ya mchango, na kabla ya salamu:

"Wewe, eti umeoga maji ya umeme?"

Nani kasema? Mama! Kasema kwenye hitima, kasema kwa fundi cherehani, kasema kisimani. Mkwe wake kaoga maji yanayotoa umeme na hakupigwa shoti. Kuna yule jirani yake mwenye mtoto Muskati, ambaye kila Ijumaa lazima tusikie habari za Muskati, mama kamwambia, "Huko kwenu kuna bahari, na hapa ipo. Wangu mimi kaingia kwenye mvuke." Wifi anasema jirani aliaga mapema.

Nilicheka mpaka Nasra akaja kuniangalia. Halafu wifi akasema, kwa sauti ya chini kidogo, "Anataka kujua goti likiingia mle linatokaje, ila kakataa nisikwambie."

Basi nimeirudia Jumapili yote kwa sikio jingine. "Ulilipa?" Huenda alikuwa anapiga hesabu. "Na nguo?" Huenda alikuwa anajiona yeye. Lakini kicheko cha puani, hapana, kile nakijua, sikiachii.

Nilitaka kuendelea, ila baba kapiga simu sasa hivi toka Tandahimba. Mikorosho imetoa maua mapema mwaka huu, salfa aliyonayo haitoshi nusu ya shamba, na mwenye mashine ya kupulizia ana watu wengi mbele yake, hawezi kufika kabla ya Jumanne. Umande unashuka kila alfajiri. Ile ya bondeni, anasema, maua yake yameshaanza kushika ubwiriunga, ule ugonjwa wa ukungu mweupe.