Mgongo wa Hajiri

Jana mwanangu alisimama chini ya picha yetu ya Hajiri, akainua shingo, akauliza: "Mama, na yule wa nyuma anaona nini?" Mimi mwenyewe ndiye niliyemwambia kwamba karatasi ile ina picha mbili, kwa hiyo lawama sina. Ila swali lilinirudisha moja kwa moja kwenye meza ya jikoni, Jumapili ile ya kubandua kadi iliyogandishwa mgongoni mwake.

Karatasi zenyewe ni za mchoraji Chagall, picha zake za Biblia, katika jarida la sanaa la Verve namba 37-38, mwaka 1960. Mchapishaji Tériade, litografia, yaani picha zilizochorwa kwenye jiwe kisha zikachapwa, zikapigwa kwenye karakana ya Mourlot, Paris. Za rangi ni 24, na mgongoni kuna nyingine, nyeusi. Toleo la 1956, namba 33-34, ni kitabu kingine, tusiyachanganye.

Hajiri nilimkuta Paris, kwenye soko la vitu vikuukuu, yumo ndani ya fremu, euro 180. Upande wa mbele niliukagua sawasawa. Unaweka lenzi ya kukuza mara kumi juu ya rangi. Ukiona vidoti vimejipanga safu kwa safu kama picha ya gazeti, rudisha uende zako, hiyo ni ofseti, uchapaji wa mashine wa kawaida. Litografia halisi haina safu. Chembe za wino zimekaa ovyo, kama chaki iliyopitishwa kwenye ukuta wa chokaa. Huyu alipita. Sahihi hakuwa nayo, nikafurahi, maana karatasi za ndani ya kitabu hazikutiwa sahihi. Pembeni yake mchuuzi alikuwa na Ayubu mwenye sahihi ya penseli, bei mara tatu. Penseli inauzwa duka lolote. Alikuwa pia na heliogravu, yaani nakala zilizochapwa kutokana na picha za kamera, za lile toleo la 1956, akizinadi kuwa ni chapa za bamba la shaba, wakati hakuna hata moja yenye ule mbonyeo ambao bamba huuacha kwenye karatasi kuizunguka picha.

Basi, mjuaji mimi, mgongo wa Hajiri sikuomba kuuona. "Ina gundi kidogo tu pembeni," mchuuzi akasema. Ningeangalia tu jinsi ilivyolala ningejua. Karatasi ya umri ule ikiwa huru hujikunja kidogo kingoni. Hii ilikuwa imenyooka kama kigae.

Nyumbani nikakata utepe wa nyuma ya fremu, ikatoka ile harufu ya kadi ya zamani, tamu kidogo, kama maktaba iliyofungwa muda mrefu. Hiyo ni asidi ya kadi ya bei rahisi, nayo ndiyo iliyokuwa imechora mstari wa kahawia kumzunguka Hajiri pale lilipogusa dirisha la kadi ya mbele, lile tundu linaloizunguka picha. Na nyuma, karatasi nzima ilikuwa imegandishwa kwenye kadi. Kona hadi kona.

Kazi ya kubandua ina kanuni moja: kinachopinda ni kadi, picha haipindi. Unailaza kifudifudi juu ya karatasi safi ya kufyonza, unaanzia kona, unaichuna kadi tabaka kwa tabaka kwa kisu butu. Saa mbili zikapita, ikabaki ngozi nyembamba kama ganda la kitunguu. Nikatia tone la maji pembeni kujaribu gundi. Gundi ya wanga huvimba na kuteleza baada ya dakika chache. Hii haikushtuka. Maana yake ilikuwa ile inayobandikwa kwa pasi, ambayo maji hayaijui. Hutaka joto au kiyeyusho, tena mikononi mwa fundi mwenye chumba chenye hewa. Pale ndipo pa kuacha.

Sikuacha. Nikapaka uji wa methiliselulosi, unga unaoshika maji ili yalainishe gundi polepole. Dakika 20. Halafu 20 nyingine. Karatasi ikalainika, gundi ikabaki vilevile, na ukivuta vitu viwili vya namna hiyo kinachochanika ni karatasi. Mwanzo ulinidanganya: ngozi ilinyanyuka vizuri upana wa vidole viwili, mistari myeusi ikaanza kutokea chini yake, nikashika pumzi. Kisha mkono ukahisi wepesi ambao haukutakiwa kuwepo. Sauti haikutoka. Kipande cha ukubwa wa kiberiti kilikuwa kimeondoka na utando wa karatasi na wino wake wote, pale mgongoni pakabaki nyuzi nyeupe kama pamba.

Nikakigeuza kile kipande kwenye mwanga. Wino ulikuwa umetazama kwenye gundi, mimi nikawa nautazama kwa nyuma, kupitia utando. Mstari ulikuwa umegeuka, kushoto kulia. Nikakaa nao muda mrefu kuliko ilivyofaa, maana ndivyo mstari unavyokaa kwenye jiwe kabla haujachapwa. Ila ili niuone hivyo nimeharibu. Sijui jambo hilo niliweke fungu gani.

Iliyobaki nilimpelekea fundi, na malipo yalizidi bei ya sokoni. Sasa Hajiri ananing'inia kwa bawaba mbili za karatasi ya Kijapani, juu tu, gundi ya wanga wa ngano, kadi ya pamba, kioo cha kuzuia miale ya jua, ukuta usiopigwa na dirisha. Mgongo haumwoni mtu tena, mzima au mbovu.

Mtoto anataka tufungue fremu Jumamosi. Nimemwambia tutaona. Kile kipande kiko droo ya chini, ndani ya bahasha, na bado sijakitaja.